Dakika Nzima ya Pumzi

Dakika moja wodini ni ndefu. Anayebisha ashike saa, asimame kando ya kitanda saa mbili asubuhi, toroli ya dawa ikimsubiri, madaktari wakiingia raundi, ndugu wa wagonjwa wakibishana na mlinzi getini na chupa zao za uji mkononi, halafu ahesabu kifua cha mtu kinavyopanda na kushuka mpaka sekunde ya 60. Wengi wataishia njiani. Watahesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne, au hawatahesabu kabisa. Wataandika 20, maana 20 haimshtui mtu. Ndiyo sababu ukifungua chati nyingi utakuta safu ya pumzi imejaa 20 kutoka juu hadi chini, kana kwamba wodi nzima inapumua kwa amri ya kiranja mmoja.

Kwa hiyo nesi anayehesabu kweli anastahili kutazamwa. Niliyemtazama mimi ni mama wa makamo, katika wodi ya wanawake ya hospitali moja mkoani Dodoma. Saa yake ilikuwa imebanwa kifuani, kichwa chini miguu juu, ili yeye anayeinamisha macho aisome sawasawa. Alishika kifundo cha mkono wa mgonjwa, vidole vitatu juu ya mshipa upande wa kidole gumba, akahesabu mapigo. Yalipotimia hakuuachia mkono. Vidole vilibaki palepale, ila macho yalishahamia kwenye shuka, pale linapoinuka na kushuka. Mgonjwa alidhani bado anapimwa mshipa, na ndivyo nesi alivyotaka. Mwambie mtu kwamba unahesabu pumzi zake, naye ataanza kupumua kwa ajili yako: atazivuta ndefu, atazibana, ataona haya. Pumzi ya kweli ni ile inayotoka mwenyewe akiwa hana habari. Na pale ilipokuwa fupi mno kuonekana, nesi aliulaza mkono wa mgonjwa juu ya kifua, akaacha mkono upande na kushuka pamoja nacho.

Akaandika 28. Joto lilikuwa 37.4, presha haina neno, mgonjwa mwenyewe anasema hajambo. Hata hivyo alimwinulia mto, akamketisha nusu, akaenda kumtafuta daktari kabla hajagusa kitanda cha pili.

Asiyeijua kazi hii angemwona ana papara. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwili unapoanza kuelemewa, iwe ni nimonia, iwe ni vijidudu vimeingia kwenye damu, iwe ni sukari iliyopanda mpaka damu ikawa na tindikali, pumzi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kubadilika. Presha huchelewa. Mishipa hujibana, moyo hukimbia, na kwa muda mashine ya presha itaendelea kutoa namba nzuri wakati mtu anazama. Presha ikishaanguka, muda mwingi umeshapotea. Kwa watoto hesabu ni nyingine, na kila nesi wa zahanati anaijua kwa moyo: pumzi 60 au zaidi kwa mtoto asiyetimiza miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Hapo mtoto anahema kupita kiasi. Tena ahesabiwe akiwa ametulia, si akilia, na shati lifunuliwe ionekane kama nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta pumzi.

Namba hizi tunazoziona kama zilikuwepo tangu enzi na enzi ni changa. Mwingereza John Floyer aliandika kuhusu saa maalumu ya kuhesabia mapigo mwaka 1707. Mjerumani Carl Wunderlich, kule Leipzig, ndiye aliyetoa mwaka 1868 kitabu kilichowafanya madaktari waandike joto la mgonjwa kila siku na kulichora. Mrusi Nikolai Korotkov alieleza mwaka 1905 sauti zinazosikika chini ya kitambaa cha presha kinapolegezwa. Mjapani Takuo Aoyagi alileta miaka ya 1970 wazo lililozaa kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kuonyesha oksijeni. Pumzi peke yake haikuhitaji mvumbuzi. Inahitaji saa na mtu asiyekuwa na haraka.

Kifaa cha kidoleni kimeokoa wengi, na ningependa kila zahanati ya Chamwino na Bahi iwe nacho. Ila nesi hodari hakisujudii. Mwezi wa saba, upepo wa Dodoma unapovuma alfajiri na vidole vya wagonjwa vinakuwa baridi kama bomba la maji, kifaa hutafuta mapigo bila kuyapata, au hutoa namba ya ajabu. Basi ausugue mkono kwanza upate joto, au akihamishie kidole kingine. Rangi ya kucha na piko nyeusi nazo hukichanganya. Na kuna jambo ambalo wenye ngozi nyeusi tulipaswa kuambiwa mapema zaidi: Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hiki kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kinasema 93 wakati damu yenyewe ina chini ya 88. Nesi wetu hakuwahi kusoma makala hiyo, nadhani, lakini alikuwa na kawaida ya kumwambia mgonjwa atoe ulimi. Kwenye ngozi nyeusi, ubuluu wa kukosa hewa hautafutwi kwenye shavu. Unatafutwa kwenye ulimi, kwenye fizi, ndani ya mdomo. Umanjano unatafutwa kwenye weupe wa jicho, tena karibu na dirisha, maana taa za wodini zina rangi zake. Upungufu wa damu unatafutwa kwenye kiganja, na hapa kuna kitu nilichokipenda sana: anachukua mkono wa mtoto, anaufungua, anaweka kiganja chake mwenyewe kando yake, anavilinganisha. Kipimo anacho mwilini mwake.

Mkono huohuo una kazi nyingine. Mgongo wa kiganja kwenye kifua cha mtoto, kisha kwenye miguu. Kifua cha moto na miguu ya baridi si habari njema. Anabonyeza ukucha mpaka ufifie rangi, anaachia, anahesabu kimoyomoyo: rangi ikichelewa zaidi ya sekunde tatu, damu haifiki miisho. Anafinya ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu na kuiachia. Ikibaki imesimama zaidi ya sekunde mbili, mtoto huyo amekaukiwa vibaya, na dripu haina la kusubiri. Yote haya hayajachukua dakika tano, na hajawasha mashine yoyote.

Lakini kabla ya mkono kuna salamu, na salamu zetu zina mtego. Watu wa hapa kwetu hawajibu salamu kwa ugonjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

"Salama kabisa?"

"Salama, ila hiki kifua hakikunipa usingizi."

Nesi mgeni angeishia kwenye "salama" na kuandika kwamba mgonjwa ameamka vizuri. Huyu aliijua adabu ya mahali, akaivuka kwa adabu. Hakuuliza tena kama bibi amelala vizuri. Aliuliza: usiku uliamka mara ngapi? Ulilala chali au uliketi? Kukohoa kulikuja ukilala au ukiamka? Maswali yasiyoweza kujibiwa kwa "ndiyo, sista." Florence Nightingale alilisema hili katika kijitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, kwamba ukimuuliza mgonjwa kama usiku ulikuwa mwema, mmoja aliyesinzia vipande vipande atakwambia ulikuwa mwema, na mwingine aliyelala saa nyingi zaidi atalalamika. Kwa wazee wa Kigogo wasiokizoea Kiswahili, salamu ya "mbukwenyi" ya nesi kitandani hufungua mlango ambao Kiswahili cha ofisini kingeuacha umefungwa.

Katika uwanda huu wa kati, kuuliza vizuri kumewahi kuwa na uzito wa pekee. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilileta mbu, mifugo ikaanza kutupa mimba, na mwanzoni mwa 2007 watu wakaanza kufika hospitali na homa, wengine wakitokwa damu. Ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa. Tanzania ilipoteza watu 144, na takriban nusu ya wagonjwa wa nchi nzima walitoka mkoa wa Dodoma. Homa ya namna hiyo, kwa kuitazama tu, ingeweza kupita kama malaria kali. Kinachoitenga ni maswali ya mtu anayejua wafugaji: mmechinja lini? Nani alimchuna? Maziwa mnayachemsha? Ng'ombe wangapi wametupa mimba? Jibu moja la hapo lilimfanya nesi avae glavu mapema, akajikinga yeye na wagonjwa wa vitanda vya jirani.

Miaka tisa baadaye, 2016, wakaja wengine, wengi wao watoto, kutoka Chemba, Kondoa na wilaya za jirani: macho ya njano, matumbo yanauma na kuvimba, wanatapika. Haikuwa homa ya manjano wala nyongo ya kawaida. Kati ya wagonjwa 68 waliorekodiwa walikufa 20. Chanzo kilikuwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ndani ya mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe nyumbani. Jibu lilikuwa kwenye sufuria ya ugali. Ndiyo maana sicheki nikimsikia mwanafunzi wa uuguzi akihangaika kumuuliza mama mahindi yake ameyaweka wapi na yalikuwa na rangi gani. Kipimo cha sumukuvu hakipo zahanati. Swali lipo.

Nimeanza na pumzi kwa sababu yangu. Kuna usiku ambao hesabu hiyo huacha kuwa taarifa na kuwa ruhusa. Mama mjamzito ameletwa na presha juu, uso umevimba, kichwa kinamgonga, anasema anaona nyotanyota, kisha anakakamaa na kutetemeka. Kifafa cha mimba. Dawa yake ni magnesiamu salfeti, na ubishi juu yake uliisha mwaka 1995, utafiti mkubwa wa nchi nyingi ulipoonyesha kwamba inazuia degedege lisirudi kuliko dawa mbili zilizokuwa zikitumika kabla yake. Katika utaratibu uliozoeleka kwetu gramu 4 huingia taratibu kwenye mshipa, gramu 10 kwenye misuli, nusu kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4, tako moja kwa zamu na jingine, mpaka saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho.

Dawa hii hutolewa nje na figo, na figo za mama huyu ndizo zilizo mashakani. Zikilegea, dawa hujilimbikiza. Kwanza goti huacha kuruka likigongwa. Kisha pumzi hupungua, halafu hukoma. Moyo hufuata. Kwa hiyo kila baada ya saa 4, sindano ikiwa tayari imevutwa, nesi hawezi kuichoma mpaka mambo matatu yamjibu. Anapitisha mkono wa kushoto chini ya goti la mama, analiinua kidogo mpaka mguu ulegee, anagonga kwa ukingo wa kiganja cha kulia pale chini ya kifuniko cha goti. Nyundo ya kazi hiyo ni nadra; kiganja kinatosha. Mguu uruke, hata kidogo. Anashusha macho kwenye mfuko wa mkojo: usipungue mililita 30 kwa kila saa iliyopita. Kisha anahesabu pumzi, dakika nzima. Zisipungue 16. Moja likikataa, sindano inarudi kwenye trei, na kalsiamu glukonati inayokaa karibu na kitanda tangu mwanzo inasogezwa karibu zaidi.

Sasa rudisha hapo ile 20 ya kubuni. Saa tisa ya usiku, nesi yuko peke yake na wodi, amechoka, mama amelala kimya. Mama akiwa anapumua mara 10 na chati ikasema 20, dozi inayofuata itaingia kwa kufuata utaratibu wote. Vitabu hutenganisha kumpima mgonjwa na kumlinda, sura mbalimbali, mitihani mbalimbali. Kitandani sijaona mpaka wake.

Chumba cha kujifungulia kina hesabu zake nyingine. Damu inayotoka baada ya uzazi hudanganya macho ya kila mtu. Hata wazoefu huikadiria pungufu. Kule Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakunga wa jadi walifundishwa kupima kwa kanga: kanga mbili za ukubwa wa kawaida zikilowa chapachapa, damu imefika nusu lita, na hapo hakuna kungoja. Napenda kipimo hicho kuliko vingi vilivyoletwa na miradi, kwa sababu hakuna mzazi asiyekuja na kanga.

Dawa za kawaida nazo zina umakini wake. Kila mwanafunzi hukariri: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Kukariri ni rahisi. Wodi ya wanaume ya Ugogoni inaweza kuwa na akina Mazengo wawili, na mzee asiyesikia vizuri ukimwambia "wewe ndiye Mazengo?" ataitikia ee, kwa heshima tu, hata kama yeye ni Chilongani. Nesi mzuri haulizi hivyo. Anasema, "Babu, nitajie jina lako na kijiji ulikotoka," kisha analinganisha na faili. Anayetoa jina ni mgonjwa, si nesi.

Nao wasioweza kusema wala kugeuka wana mgongo wao. Kila saa 2 wageuzwe, ndivyo inavyofundishwa, na ndivyo isivyofanyika mahali pengi kwa uchache wa mikono. Vitabu vilivyochapwa Ulaya huchora kidonda cha kulalia kikianza na wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo huonekana kwa shida au usionekane kabisa. Nesi wetu alikuwa akimgeuza mzee mmoja kwa msaada wa mwanawe, akatelezesha mgongo wa mkono wake juu ya mfupa wa kiuno, kisha visigino, akitafuta mahali penye moto au ugumu kuliko jirani yake. Alipopapata alimshika kijana mkono akauweka palepale, naye apasikie. Tangu siku hiyo walikuwa wawili wanaopalinda.

Nikosoe kidogo. Kitabu cha ripoti, kile kinachosomwa zamu inapokabidhiwa, ndicho kinachonisikitisha. "Mgonjwa anaendelea vizuri, amepewa dawa zake kama zilivyoandikwa." Sentensi hiyo imeandikwa mara nyingi mpaka imekufa. Haimwambii wa zamu ya usiku chochote cha kumfanya atembee mpaka kitanda namba 7. Linganisha na hii: "Kitanda 7, pumzi 22 saa nne, 26 saa nane, 28 saa kumi, hataki kulala chali, mkojo mdogo tangu asubuhi." Hapo kuna mtelemko, na mtu akiona mtelemko hujua unakoelekea. Namba moja peke yake ni habari ya dakika moja. Ni namba tatu zilizofuatana kwa uaminifu zinazomwezesha nesi wa zahanati, aliye kilomita nyingi kutoka kwa daktari, kupiga simu na kusikilizwa. Hilo ni kweli Mvumi, kwenye hospitali ya misheni iliyofundisha manesi wengi wa uwanda huu, na ni kweli Benjamin Mkapa, hospitali iliyozinduliwa 2015 na kupandikiza figo 2018, ambako mashine hupiga kelele zenyewe. Mashine ikipiga kelele bado lazima mtu aamke akamtazame mgonjwa.

Lakini ukitaka kuona ustadi huu ukiwa mtupu, nenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Watanzania tumeigeuza hospitali hiyo kuwa utani, mtu akifanya ujinga tunamwambia anafaa Mirembe, na kwa utani huo tumewafunika manesi wanaofanya kazi ambayo kwa sehemu kubwa haina namba. Joto la huzuni halipimwi kwapani. Nesi wa pale anasoma nani amekula na nani amesukuma sahani, nani ameoga bila kuambiwa, nani ameacha kuzungumza na mtu asiyeonekana, nani ametulia ghafla mno baada ya wiki za kulia, maana utulivu wa namna hiyo huweza kuwa wa mtu aliyeshaamua kujidhuru.

Na miili anaisoma pia. Kijana amechomwa haloperidoli jana jioni. Leo shingo imepinda upande mmoja, macho yamegeuka juu, ulimi unatoka wenyewe. Mama yake anasema ni pepo amerudi. Jirani wa kitanda anasema ni degedege. Mwingine anataja pepopunda. Nesi anainama, anamwita kijana kwa jina lake, anamuuliza kama anamsikia. Kijana anajibu kwa tabu kwamba anasikia. Mwenye degedege la mwili mzima asingejibu. Nesi anafungua faili kuona sindano ilichomwa saa ngapi, anamwita daktari, promethazini inachomwa, na baada ya muda shingo inaanza kurudi. Mama anabaki na pepo wake, hiyo ni haki yake. Kwenye faili imeandikwa dawa, dozi, saa, upande shingo ulikogeukia, na ombi kwa wino mwekundu kwamba dozi ijayo iangaliwe upya kabla ya kutolewa.